Lebo kwenye Kaburi la Gaudiosa

Kagoma, Muleba
6 Oktoba 2024

Mkwe wangu Aroni,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Hakuna aliyekufa tena. Najua siku hizi ukipokea kitu kutoka Kagoma unawaza kifo kwanza, maana hata mimi huwaza hivyo simu ikilia.

Nakuandikia kwa sababu mama mkwe hapigi soga na mkwe wake kwenye simu. Simu yetu mimi na wewe ni ya "mmefika?", "tumefika", basi. Mengine yote tulikuwa tunayapitisha kwa Gaudiosa. Nikitaka kujua kama unakula, namuuliza binti yangu. Ukitaka mbegu za maharage, unamtuma mke wako. Sasa aliyekuwa katikati yetu amelala nyuma ya migomba hapa kwangu, na sisi wawili tumebaki kama abiria waliokutana stendi. Mimi nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, kuandika naweza. Josia mwenye pikapu ya ndizi atazifikisha barua hapo Rwamishenye, nawe umpe majibu akigeuza.

Juzi mwalimu wa darasa la pili aliwauliza watoto wazazi wao wanafanya kazi gani. Mwanao Evodia, niliye naye hapa tangu mazishi, akasimama akasema, "Baba anaandika mabano." Darasa zima likacheka. Alirudi amenuna, akanidai maelezo. Nikamwambia baba yako anafanya kompyuta. Akanijibu, "Bibi, kompyuta haifanywi." Haya, mimi niseme nini? Nieleze hiyo kazi, nami nimweleze mwenzangu.

Fundi Lameki amemaliza kujengea kaburi. Amebakiza kupiga saruji ya juu na kuandika maneno. Maneno hayo ni ya mume kutoa, kwa hiyo yalete.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Tarehe 28 Desemba tunamaliza msiba, na siku hiyohiyo wa kwenu na wa kwetu watakaa waamue Evodia akae na nani. Kaka yako Kahangwa ameshatamka kwamba atamchukua kwake Muleba mjini, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wenu na baba mtu hasemi kitu. Mimi ni wa ukeni, pale sina sauti. Mwenye sauti ni wewe. Siku ya mazishi hukufungua mdomo, ikabidi mimi mwanamke niseme azikwe hapa kwangu badala ya kwenu, na Kahangwa hajanisamehe. Safari hii ukinyamaza, mtoto anakwenda.

Wako katika huzuni hii,
Klaudia


Rwamishenye, Bukoba
15 Oktoba 2024

Mae,

Shumalamu, nakuamkia mama. Barua nimeipata. Mimi mzima. Nakula.

Kuhusu kazi. Ofisi yetu inapokea vitabu vya shule na vitabu vya wakulima wa kahawa. Mtu akifungua kitabu anaona mwenyewe kichwa cha habari ni kipi, zoezi ni lipi, jina la mtu ni lipi. Kompyuta haioni hivyo. Inaona herufi zimefuatana tu. Sisi tunaiambia kila kipande ni nini, ili kitabu hichohicho kiweze kuchapwa, kusomwa kwenye simu, au kusomwa kwa sauti kwa asiyeona.

Tunaiambia kwa lebo. Lebo ni neno lililowekwa ndani ya mabano yenye ncha. Mbele ya jina la zao tunaweka lebo ya kufungua, nyuma yake lebo ya kufunga. Ya kufunga inatambulika kwa mkwaju, kile kistari kilichoinama. Inakuwa hivi:

<zao>kahawa</zao>

Hapo watu huchanganya, hata ofisini kwetu. Lebo ni yale mabano na neno lililomo. Elementi ni kitu kizima: lebo ya kufungua, kilicho katikati, na lebo ya kufunga. Kilicho katikati kinaitwa yaliyomo. Ukitaka kueleza zaidi juu ya elementi, unaweka sifa ndani ya lebo ya kufungua, kwa mfano kwamba kahawa hii ni robusta. Elementi ikiwa ndani ya elementi nyingine, ya nje inaitwa mzazi na ya ndani inaitwa mtoto. Ile moja ya nje kabisa, inayobeba zote, inaitwa mzizi. Ulichofungua lazima ukifunge, na cha ndani kifungwe kabla ya cha nje. Ukivuruga hapo faili zima linakataliwa.

Kazi ni hiyo. Naipenda kwa sababu hainiulizi kitu.

Kuhusu tarehe 28 sijui. Kahangwa ana nyumba kubwa na mke. Mimi nikitoka kazini nakaa. Watu wananiuliza unajisikiaje, nami sijisikii chochote, wala huzuni. Mtoto atafanya nini na mtu wa hivyo?

Aroni


Kagoma
27 Oktoba 2024

Mkwe wangu,

Mungu wangu! Ukurasa mzima wa mabano, halafu mtoto umempa mistari miwili mwishoni. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekurudishia daftari.

Lakini somo limeeleweka, tena vizuri. Nilimwita Evodia jikoni wakati natandika chungu. Nikamwonyesha jani la mgomba la chini, ndizi za ebitoke katikati, jani la kufunika juu. Nikamwambia majani haya mawili ndiyo lebo, ebitoke ndiyo yaliyomo, na vyote pamoja ni elementi. Akaniuliza, "Na jani linaliwa?" Nikamwambia hapana, jani linatuambia tu chakula kinaanzia wapi na kuishia wapi. Keshoye akawafundisha wenzake shuleni, na sasa hawamcheki. Wanamwita Mwalimu Lebo. Ameanza maringo, lakini mwache aringe kidogo.

Ana swali, nami nalileta kama alivyolisema. Sikumtuma, na nilitaka kumkataza. Anauliza: mzazi akifutwa, mtoto anakwenda wapi?

Kahangwa alipita Jumapili baada ya misa. Amenunua kitanda cha Evodia. Ni mtu mwema, simsemi vibaya, lakini ana watoto wengi na sauti kubwa, na mwanao akiisikia hujificha nyuma ya ghala la kahawa. Unasema hujisikii. Mimi nikijisikia ninasikia vya kutosha watu wawili, kwa hiyo usinitangazie ukimya wako kama ugonjwa ulio wako peke yako. Nilizaa mmoja tu.

Lameki anangoja maneno.

Klaudia


Rwamishenye
9 Novemba 2024

Mae,

Mwambie Evodia kwamba ukifuta elementi, kila kilichomo ndani yake kinaondoka nayo. Kama unataka watoto wabaki, unawatoa kwanza, unawaweka chini ya yule aliye juu ya mzazi wao. Mtu asipowatoa hawajitoi wenyewe. Na kila elementi, isipokuwa mzizi, ina mzazi mmoja tu, haiwi na wawili.

Mwambie pia kwamba hayo ni maneno ya kazi. Waliokaa wakakubaliana nayo hawakuwa wanafikiria watu. Mzazi wa kwenye faili hana uchungu. Asifananishe.

Maneno ya kaburi nimeyaandika kazini na kuyachapa. Karatasi imekunjwa ndani ya bahasha hii. Fundi aandike kama ilivyo, asiongeze wala asipunguze.

Kitanda alichonunua Kahangwa ni kizuri? Uliza kama kina chandarua.

Aroni


Kagoma
24 Novemba 2024

Aroni,

Keti chini ndipo usome.

Karatasi yako sikuifungua. Maneno ya mume kwa mke wake si ya kusomwa na mama mkwe. Nilimkabidhi Lameki ikiwa imekunjwa vilevile ulivyoikunja, nikamwambia kama ulivyosema: andika kama ilivyo, usiongeze, usipunguze. Kisha nikaenda Muleba kwa ajili ya macho, nikalala huko kwa dada yangu. Niliporudi saruji ilikuwa imeshakauka na Lameki amesimama kando, anafuta msumari wake, anangoja kusifiwa. Nilivaa miwani yangu mipya. Kitu cha kwanza nilichokisoma kwayo ni hiki:

<marehemu>
<jina>Gaudiosa</jina>
<kuzaliwa>3 Machi 1990</kuzaliwa>
<kufariki></kufariki>
<mume>Aroni Byarugaba</mume>
<mtoto>Evodia</mtoto>
</marehemu>

Kila bano, kila mkwaju. Tena amezinyoosha kwa rula, maskini! Akaniambia, "Mwalimu, hizi ncha zimenisumbua, lakini sikuacha hata moja." Ningemgombezaje? Amefanya alichoambiwa. Aliyeambiwa vibaya ni mimi, na aliyeniambia ni wewe.

Sasa watu wanakuja kutazama. Wengine wanasema ni Kihindi. Mama mmoja wa jumuiya yetu ananong'ona kwamba ni alama za frimasoni, ndiyo maana mkwe hakulia msibani. Na Kahangwa alifika jana, akasimama pale muda mrefu kofia mkononi. Akasema, "Mwalimu Klaudia, mdogo wangu hayuko sawa. Mtu anayemwandikia mkewe hivi, ndiye tumpe mtoto?"

Aliyejibu ni mwanao. Alipanda kwenye ukingo wa kaburi akaanza kuwasomea, kidole kwenye saruji. "Hii ni lebo ya kufungua. Hii ya kufunga. Hii yenye mkwaju. Mama yuko katikati. Mimi niko ndani ya mama." Alipofika pa kufariki akasimama. Kahangwa akamwuliza mbona hapo hapana kitu. Akasema, "Baba hajaandika."

Basi na mimi nakuuliza. Hiyo tarehe uliisahau? Na hizo lebo, ulizitaka au ulipitiwa? Lameki anaweza kupaka saruji mpya juu na kuandika upya, lakini simwambii chochote mpaka nipate neno lako. Niandikie kama mtu, Aroni. Imebaki Desemba tu, na Kahangwa sasa ana cha kuonyesha.

Klaudia


Rwamishenye
3 Desemba 2024

Mae waitu,

Barua niliisomea ofisini. Nilipofika pale Lameki alipozinyoosha kwa rula nikacheka. Nilicheka kwa nguvu mpaka wenzangu wakageuka. Sikuwa nimecheka tangu Juni. Halafu kicheko kikakataa kuisha, kikageuka, nikawa nalia mbele ya watu wazima, kichwa kwenye meza. Msimamizi akaniambia nenda nyumbani. Nikamwambia nyumbani hakuna mtu. Ni mara ya kwanza kulisema hilo kwa sauti.

Sikuzitaka lebo kaburini. Nilipitiwa. Lakini nitakueleza nilivyopitiwa, kwa kuwa umeniambia niandike kama mtu.

Niliandika kwanza "Gaudiosa" peke yake kwenye kioo cha kompyuta, bila kitu. Sikuweza kulitazama. Nikalizungushia lebo, mkono ukafanya wenyewe kama unavyofanya kutwa nzima, na hapo nikaweza. Likawa jina la kwenye faili. Nikaendelea hivyo mpaka mwisho, nikachapa, nikakunja, bila kusoma tena. Nilijua kwamba nikisoma sitaituma.

Tarehe sikuisahau. Katika kanuni za kazi yetu kuna elementi tupu. Unafungua na kufunga, katikati huweki kitu, na faili linakubaliwa. Elementi tupu si kosa. Inasema kwamba kitu hicho kipo, ila yaliyomo hayajawekwa. Ni tofauti na kutoiweka kabisa. Kuiacha kabisa nisingeweza, ingekuwa kama sijakubali kwamba amekufa. Kuijaza pia sikuweza. Kwa hiyo nilitumia ruhusa hiyo. Nimekaa ndani ya ruhusa hiyo miezi yote hii, Mae. Najua amekufa, na sijui chochote zaidi.

Alikufa Jumanne, tarehe 11 Juni 2024. Asubuhi alisema kichwa kinamuuma nikamwambia anywe chai. Nikaenda kazini. Jirani aliponipigia nilikuwa natafuta lebo moja ambayo mtu alisahau kuifunga, nikamwambia subiri kidogo. Nilimwambia subiri kidogo.

Mwambie Lameki apake upya. Aandike kama wanavyoandika watu wengine, na tarehe aiweke. Gharama ni yangu, na mpe pole.

Kuhusu Evodia. Kahangwa ana haki ya kutilia shaka. Mimi mwenyewe nina shaka. Sijui kusuka nywele, sijui kupika uji usio na madonge. Nikifikiria kusimama mbele ya wazee naona nitakwama kama siku ya mazishi. Lakini umeniandikia kwamba anasema yuko ndani ya mama. Mimi ndiye niliyempa maneno ya kwamba mtu asipowatoa hawajitoi wenyewe. Nilimkanya asifananishe, nami sijafanya kitu kingine tangu hapo ila kufananisha.

Tarehe 28 nitapanda basi. Zaidi ya hapo siahidi.

Aroni


Kagoma
14 Desemba 2024

Mwanangu,

Kichwa kilichomuuma asubuhi ile hakikuwa cha kuponywa na chai wala na hospitali. Daktari alituambia sote, nawe ulikuwepo, ila hukusikia. Nitakuambia tena kila utakaponiuliza. Na "subiri kidogo" mimi nimewaambia watu wengi waliokuwa na habari mbaya. Hakuna aliyejua.

Lameki ameanza kubandua. Amekataa kuchukua chochote zaidi. Anasema ni aibu yake pia.

Njoo. Hapana haja ya kusema vizuri, wala kuwashawishi. Wewe ni baba, huombi kazi. Neno moja linatosha, ila litoke kinywani mwako mwenyewe, kwa sababu mimi nitakuwa chumba cha ndani na wanawake na sitaruhusiwa kukusaidia. Mtoto sijamwambia kitu, nisije nikamwahidi halafu ukaganda.

Vaa shati safi.

Klaudia


Kagoma
5 Januari 2025

Aroni mwanangu,

Josia ameniambia mlifika salama, na kwamba Evodia alitapika njiani, pale Muhutwe, ukamfuta kwa shati lako safi. Amecheka sana akinisimulia. Mimi nilijikuta namwuliza ni shati lipi, kana kwamba ndilo jambo.

Naandika kwa sababu kuna kitu hukukiona siku ile, nawe ukae ukijua.

Nilikuwa nyuma ya pazia. Kahangwa alipokuuliza mara ya kwanza ukanyamaza, nikashika mkono wa dada yangu. Alipokuuliza mara ya pili ukanyamaza, nikasema moyoni, basi, mtoto huyo Muleba. Halafu nikakusikia: "Mtoto ni wangu. Naondoka naye leo." Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama ya mtu mwenye homa. Kahangwa akasema, "Kumbe una mdomo," na wanaume wakapiga makofi, na nikamsikia Kahangwa mwenyewe akipenga kamasi. Kitanda amekileta huko kwako, Josia ameniambia. Nilikwambia ni mtu mwema.

Wanawake wakanipongeza. Nami nilikuwa nimekaa chini sakafuni. Maneno yale niliyataka tangu Oktoba, niliyapigania kwa kalamu na kwa ulimi, na yalipotoka sikupata chochote. Sikufurahi, sikulia. Nilisikia tu baridi ya sakafu. Hapo ndipo nilipokuelewa wewe, mkwe wangu, na barua zako za mabano, na nikaona haya kwa jinsi nilivyokufokea.

Evodia akaja ndani kuniaga. Alikuwa amevaa viatu tayari na kubeba mfuko wake. Alitaka kukaa mapajani. Nami nikamwambia, "Nenda, nenda haraka, mvua inakuja." Nilimsukuma kidogo mgongoni. Hata wingu halikuwepo. Ukweli ni kwamba angekaa mapajani nisingemwachia, na wazee wote wa ukoo wenu wasingetosha kumtoa. Alinitazama mara moja, akatoka. Tangu siku hiyo naliona lile jicho lake. Anadhani bibi yake amechoka naye.

Mwambie haikuwa hivyo. Mwambie mvua haikuwepo, bibi alidanganya. Usingoje Josia alete barua nyingine, usingoje Pasaka nije nimwambie mwenyewe. Ukimaliza kusoma hapa, mwite, mweke chini, umwambie.

Mama yako,
Klaudia